Rangi za dukani, unga wa chumvi au udongo: kipi mnawapa watoto wadogo nyumbani?

MamaPacha_Bombo
Asalaam aleikum, hamjambo wote. Likizo ndefu ndiyo hii imeingia. Nina pacha wa miaka mitatu na dada yao wa miaka sita, na nyumba yetu hapa Bombo, Uganda, ni chumba na sebule. Mwaka huu sitaki washinde mbele ya televisheni. Nimeshajaribu vitu vitatu, nawaeleza nilivyoviona, nanyi mniongezee.

Kwanza rangi za maji za dukani. Zinang'aa na picha inapendeza ukutani. Ila bei yake inauma, na pacha wakishapewa brashi, dakika kumi tu rangi zote zimeshakuwa kahawia.

Pili unga wa chumvi: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, na maji kama kikombe kimoja unayamimina kidogokidogo. Unafinyangika vizuri na haugandi mikononi. Tulifinyanga samaki na vikombe, tukavianika siku tatu. Zikaja siku za mvua, vyote vikalainika, maana chumvi huvuta unyevu wa hewani. Yule mkubwa alilia alipomkuta samaki wake amelegea mkia.

Tatu rangi za jikoni: bizari ya manjano, maji ya bitiruti, mkaa uliosagwa. Hizi nimezipenda, ila picha ya bitiruti iliyokaa dirishani ilififia upesi, na bizari ikishika nguo ndiyo imeshika.

Mngechagua kipi? Hasa kwa hawa wa miaka mitatu, bado wanatia kila kitu mdomoni.

MwalimuWaChekechea_Busia
Mama Pacha, hongera kwa moyo huo. Nimekaa na watoto wa chekechea miaka 12, na nakuambia rangi za dukani si mbaya, tatizo ni kuwapa zote kwa pamoja. Siku moja toa mbili tu, njano na buluu. Weka brashi kando, wapake kwa vidole. Kijani kikitokea katikati ya karatasi utaona macho yao. Siku nyingine toa nyekundu na njano. Hivyo kikopo kinakaa muda mrefu na kahawia hulioni.

Rangi ya jikoni ifanye nzito, isitiririke. Koroga vijiko viwili vya unga wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, mimina maji yanayochemka huku unakoroga mpaka uji ung'ae kama kioo. Ukipoa, ugawe kwenye vikombe, tia bizari huku, bitiruti kule. Usiotiwa rangi ndio gundi yako ya karatasi. Usiuweke zaidi ya siku mbili, unachacha.

Na jambo hili nalisisitiza kwa wazazi wote: rangi ya mafuta ya nyumba iliyobaki kwenye debe la fundi, msiwape watoto kamwe. Rangi za namna hiyo zinaweza kuwa na madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Nimeona mzazi akiileta shuleni kwa nia njema kabisa. Tuliirudisha.

BabaFinyanzi_Nakivale
Salamu kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Mama Pacha, usinielewe vibaya, lakini mimi unga siwezi kuwapa watoto wachezee. Huku kambini unga ni chakula, na mtoto aliyelala na njaa jana hawezi kufundishwa leo kwamba unga ni wa kufinyanga samaki. Kwa hiyo mimi ni mtu wa udongo.

Udongo wa mfinyanzi haununuliwi. Waulize mafundi wa matofali wanachimba wapi. Usichukue ule wa juu, chimba chini kidogo ambako hakuna mizizi wala kinyesi cha mifugo. Na msiingie na watoto majini ukingoni mwa ziwa kuutafuta, kuna kichocho. Ukifika nyumbani ukandekande kama unga wa chapati, ukitoa kila kijiwe unachokigusa. Utajua umeiva ukiviringisha kamba nene kama kidole, ukaizungusha kwenye kidole gumba: isipopasuka, uko tayari. Ikipasuka, ongeza maji kidogo, ukande tena.

Wape donge la kiasi cha yai. Mwanangu wa miaka mitatu hatengenezi kitu cha jina, anatoboa tu mashimo, anapiga kofi, anabomoa, na saa nzima inapita. Kitu mnachotaka kubaki nacho kikauke kivulini, polepole, siku kadhaa. Ukikianika juani kinapasuka, na kikiwa kinene kinapasuka zaidi. Udongo uliobaki ufunge kwa kitambaa kibichi, kesho unatumika tena. Mikono ioshwe kwa sabuni, hilo halina mjadala.

MamaPacha_Bombo
Baba, umenigusa kwa hilo la unga. Sikulifikiria. Nitaulizia udongo kwa vijana wa tanuri la matofali huku kwetu. Je, mvua haitauharibu kama ilivyoharibu samaki wetu?

BabaFinyanzi_Nakivale
Unyevu wa hewani hautaulegeza kama ule unga wa chumvi. Lakini usipochomwa, maji yakiumwagikia unarudi kuwa tope. Mueleze binti mapema, asije akatia maji kwenye kikombe chake akalia mara ya pili.

DadaWaMigomba_Masaka
Udongo ni mzuri, ila kwa sisi wapangaji wenye sakafu ya sebule tu ni kazi. Hakuna aliyetaja mgomba!

Kata ule uti mnene unaobeba jani la mgomba, ukate kwa kisu kikali, upande mmoja uwe sawa kabisa. Tazama ndani: vyumba vidogovidogo vimepangana kama sega la nyuki. Pakaza rangi nzito ya uji aliyoeleza Mwalimu kwenye bamba, chovya, gandamiza kwenye karatasi. Pambo lote la vyumba linatokea. Mkono wa mtoto wa miaka mitatu unaushika bila shida, na hata akichapa ovyo karatasi inapendeza. Bamia iliyokatwa katikati inachapa ua. Kiazi unaweza kuchonga umbo wewe mwenyewe, mtoto asishike kisu.

Tahadhari moja: utomvu. Utomvu wa mgomba ukikaushwa kwenye nguo hautoki, unabaki doa jeusi. Mimi huukata asubuhi, naulowesha kwenye beseni, tunautumia jioni, na watoto wanavaa fulana kuukuu. Nguo ya shule hapana.

Yule wa miaka sita mtafutie vipande vya lubugo, ile nguo ya gome la mti, yale mabaki wanayokata wauza vinyago na mikoba. Anabandika kwa gundi ya muhogo, anapata nyumba, ng'ombe, mlima. Ukimpa kipande mwambie kilitoka wapi: gome la mti wa mutuba, linabanduliwa bila kuukata mti, linapondwa kwa nyundo za mbao mpaka linakuwa nguo. UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa dunia nzima mwaka 2005. Binti yangu anajua hivyo, na kila tukipita penye mutuba ananionyesha.

ShangaziShanga_Kampala
Kwa binti wa miaka sita mimi nasema shanga za karatasi. Kalenda ya mwaka jana, kata pembetatu ndefu, upana wa vidole viwili chini, urefu wa rula. Anza kuviringisha upande mpana kwenye kijiti, malizia ncha kwa gundi. Vanishi apake mtu mzima, nje, penye hewa. Lakini pacha wasizikaribie, shanga inaziba koo la mtoto mdogo mara moja.

MwalimuWaChekechea_Busia
Shangazi kasema kweli kuhusu koo. Dada wa Masaka, mgomba wako umenishinda, nauingiza darasani muhula ujao. Nami niwaongezee mchezo mmoja wa bizari: ipakwe kwenye karatasi, ikauke, kisha mtu mzima achore juu yake kwa kijiti kilichochovywa kwenye maji ya magadi. Njano inageuka nyekundu ya kutu hapohapo. Magadi yasifike machoni, ndiyo maana nasema mtu mzima.

MamaPacha_Bombo
Narudi baada ya wiki moja. Udongo umeshinda kwa pacha, tena kwa mbali. Vijana wa tanuri walinipa mfuko mzima bure, na kila asubuhi wanauliza "tope letu liko wapi". Mgomba tumeufanya jioni mbili, ukuta mmoja umejaa karatasi za kijani. Rangi za dukani nimezifunga kabatini, nazitoa Jumamosi tu, mbili mbili.

Mkubwa amekataa vyote, anataka shanga. Amemaliza Januari mpaka Aprili za kalenda, sasa ananiomba na ya mwaka huu. Kuna mwenye kalenda kuukuu pande za Bombo au Wobulenzi? Nitapita kuzichukua.