Naomba ushauri: kurudia upasuaji wa utumbo kwa mgonjwa wa Crohn

Wakuu, habari zenu. Ndugu yangu ana ugonjwa wa Crohn, ule wa kudumu unaovimbisha na kuchubua utumbo. Alishakatwa mwisho wa utumbo mwembamba. Sasa pamebana tena palepale kwenye maungio, na daktari anashauri afunguliwe upya.

Mbano mfupi, chini ya sentimita 5, usio na jipu wala fistula (njia isiyo ya kawaida inayotoboka kutoka kwenye utumbo), mara nyingi hutanuliwa kwa puto kupitia kolonoskopi (kamera inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa). Tuombe hilo kwanza? Kinachonitisha ni urefu: utumbo mwembamba ukibaki chini ya sentimita 200, mwili huanza kushindwa kufyonza chakula na maji. Tena anatumia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, inayoongeza hatari ya mshono kuvuja, na haiachwi ghafla.

Mliouguza, dozi ilishushwaje kabla ya upasuaji? Lishe je?