Tokyo: sushi nzuri na vitamu vya Kijapani, niende wapi?

Mwana_Kisauni
Habari zenu wakuu. Nitakuwa Tokyo siku sita, nalala Ueno. Nataka sushi (ule wali wa siki wenye samaki juu) mara mbili: mara moja ya bei ya kawaida (yeni 2,000 hivi), mara moja ya kukaa mbele ya mpishi (hadi 8,000). Pia vitamu vyao vya asili, si keki. Sili nguruwe wala situmii pombe, hata ya kupikia. Niende wapi na nijihadhari na nini?

Kibao_cha_Mbuzi
Mkuu, kwanza tenganisha sushi na vitamu. Mkahawa wa kaunta, yaani ule wa kukaa mbele ya mpishi, kwa kawaida hauna vitamu. Mlo hufungwa kwa kipande cha yai (tamago) na chai. Vitamu vina maduka yake, na mengi hufunga mapema jioni. Kwa hiyo sushi saa tano au sita, kitamu saa tisa alasiri.

Sushi ya bei nafuu ni ile ya mkanda, sahani hukufikia mezani kwa mkanda unaotembea: Sushiro, Kura Sushi, Hamazushi. Chukua namba kwenye mashine mlangoni, kisha agiza kwenye skrini ya mezani, ina Kiingereza. Sahani nyingi zina vipande viwili, na sahani 10 zinamtosha mtu mwenye njaa. Kibomba cha mezani ni cha maji ya chai yanayochemka: tia unga wa chai kikombeni, sukuma kikombe kwenye kitufe. Wageni hudhani ni cha kunawia, wakaungua vidole.

Kaunta nenda mchana. Seti ya yeni 5,000 hadi 8,000 inapatikana Ginza na Tsukiji. Usiku mpishi huyo huyo anaweza kutoza zaidi ya 20,000. Soko la jumla la samaki la Tsukiji lilihamia Toyosu Oktoba 2018, ila vichochoro vya nje vya Tsukiji vipo na vinauza. Toyosu hufungwa Jumapili na Jumatano nyingi, basi tazama kalenda yao kabla ya kupanda treni. Ukiweka nafasi usipofika, unaweza kutozwa bei nzima. Na usijifukize udi wala kujipaka marashi siku hiyo, harufu inafunika samaki.

Kipande kikiwekwa mbele yako, kitie kinywani papo hapo. Wali huwa na joto la mwili. Ukisubiri upige picha kumi, unapoa na mwani unalegea. Mkono unaruhusiwa. Mpishi akishapaka sosi, usichovye tena. Kama hajapaka, chovya upande wa samaki: wali hunyonya sosi, chumvi inazidi na kipande kinabomoka.

Bi_Kilwa
Kwenye kaunta sikubaliani nawe, ndugu yangu. Kwa mtu asiyetumia pombe kabisa, hapo ndipo penye shida kubwa. Sosi anayopaka mpishi (kwa Kijapani "nikiri") hupikwa kwa mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia) au sake (pombe ya mchele). Mkunga hupakwa mchuzi wa mirin, tamago mara nyingi ina mirin, mayai ya samoni huloweshwa kwenye soya yenye sake. Hata chupa nyingi za sosi ya soya huongezewa alkoholi zisiharibike. Kwenye lebo tafuta 酒精 au アルコール.

Mwana_Kisauni, liseme hili wakati wa kuweka nafasi, si ukishakaa. Mkahawa mdogo unaweza kukukatalia, na ni afadhali wakukatalie mapema. Ukikubaliwa, omba jodari, changu na ngisi kwa chumvi na ndimu badala ya sosi. Ngisi hasa anapendeza hivyo. Uliza pia kama siki ya wali ina pombe. Kwenye mkanda ni rahisi zaidi: unachagua mwenyewe, na unaweza kwenda na kichupa chako cha soya isiyo na alkoholi.

Mla_Vileja
Vitamu sasa. Hapo hapo Ueno, karibu na bustani, kuna Mihashi, duka la tangu 1948. Agiza anmitsu: vipande vya jeli ya kanten, njegere nyekundu zenye chumvi kidogo, maharage ya azuki yaliyopondwa kwa sukari, matunda, na asali nyeusi ya sukari guru. Asali mimina nusu kwanza, la sivyo ladha ya maharage inapotea. Kanten hutokana na mwani (si ule wa Paje, huo una jeli ya aina nyingine), kwa hiyo haina mfupa wala ngozi ya mnyama. Jelatini, ambayo hutoka kwa wanyama, itazame kwenye purini na krimu za mikahawa ya mkanda.

Panda laini ya Ginza hadi Asakusa, kituo cha tatu. Umezono, ya 1854, ina awa zenzai: mtama mdogo uliopikwa ukanata, juu yake azuki ya moto. Funawa wanauza imo yokan, viazi vitamu vilivyopondwa na kukatwa kama matofali. Huo ndio ningeuanza kwa mgeni, ladha tunaijua.

Mochi (donge la mchele wa kunata uliopondwa) na daifuku (mochi yenye maharage matamu ndani) uzile siku hiyo hiyo, wala usitie friji: wanga wake hukakamaa kwa baridi. Uma vipande vidogo, tafuna sana, maana hunata na kukwama kooni.

Mwana_Kisauni
Asanteni sana. Dorayaki je, zile chapati mbili nene zenye azuki katikati? Naona Usagiya ipo Ueno.

Mla_Vileja
Ipo, tangu 1913, na ni nzuri. Lakini dorayaki nyingi hutiwa mirin kwenye unga, popote pale, hivyo uliza kabla ya kulipa. Beba noti pia, maduka madogo ya vitamu mengine hayapokei kadi. Ukinunua na kuondoka nacho, kodi ni asilimia 8; ukila ndani ni 10.