Wamenifungia tiketi, wakaandika IMETATULIWA, wakaweka na emoji ya kutabasamu!!!

Nyundo ya Seva (mwanzisha uzi)

Wakuu salamu baadaye, kwanza nipumue.

Kuna wale jamaa, sitawataja, mnawajua wote humu, wale wa "fidi zako zote sehemu moja" (fidi ni lile faili la RSS linaloorodhesha habari mpya za tovuti), wenye ile picha ya kijana anaichekea kompyuta utadhani XML, mtindo wa kuandikia hizo fidi, ilishawahi kumchekesha mtu tangu ivumbuliwe. Hao hao. Leo wamenitukana. Na bora wangenitukana kwa mdomo nikajua moja, wamenifungia tiketi yangu ya malalamiko, wakaandika IMETATULIWA, halafu pembeni wakabandika emoji ya kutabasamu. Ya kutabasamu wakuu!!

Ngoja nieleze. Mimi nina maktaba yangu ya kodi za programu, kila toleo likitoka linaingia kwenye fidi, hao jamaa wanaichukua wanaisambaza kwa watumiaji, kwenye programu za kusomea, kwenye boti za magrupu, kwenye barua pepe, kazi yao ndo hiyo moja tu duniani. Sasa usiku wa kuamkia leo wamehamia sijui injini mpya, hawajamwambia mtu, na katika kuhama kwao guid za habari zote zikabadilika. Kwa aliye mgeni, guid ndo kitambulisho cha habari kwenye RSS, programu ya kusomea inaangalia hapo ijue hii nishamwonyesha bosi au bado, ukiigusa tu basi hata kama hujahamisha koma, habari ya zamani inageuka mpya. Wao hawakugusa moja. Wamegusa ZOTE, na kwa ukarimu wao wakamwaga kumbukumbu nzima mpaka lile toleo la kwanza kabisa ambalo hata mimi mwenyewe niliogopa kulitumia.

Matokeo yake dunia nzima imeamka na "TAHADHARI, tundu la usalama, sasisheni sasa hivi". Tundu lenyewe nililiziba zamani hizo! Watu wametoka kitandani wamewasha mashine. Kuna mmoja kashusha kutoka toleo la 4 kurudi 1.2 eti kwa sababu 1.2 ndo limetoka leo. Mwingine kanipongeza kwa kuzindua mradi. Tangazo la nafasi ya kazi nalo limefufuka, maombi yanamiminika kwa kazi ambayo aliyeipata alishaacha na kuoa na kunisahau.

Nikawaandikia kistaarabu kabisa, nikaweka na logi, guid ya jana na ya leo zimekaa jirani jirani, hata asiyejua kusoma angeona. Jibu: "Habari mpendwa mteja! Tafadhali safisha kache ya kivinjari chako."

Kache. Ya kivinjari. CHANGU. Yaani mimi nikisafisha kache huku, simu za watu wote walionifuata huko waliko zitasahau walichokiona? Na sijamaliza hata kuisoma hiyo sentensi ya kache, tiketi ikafungwa. IMETATULIWA. Tabasamu. Dakika haijaisha ikaja barua nyingine inaniomba nyota tano.

Guid ningevumilia. Kache ningevumilia, nimelelewa vizuri. Ila ile emoji wakuu, ina meno kabisa.

kipanya_xml
Pole sana mkuu. Hebu weka skrinishoti tuyaone hayo meno.

Nyundo ya Seva
Ya juu yote yanaonekana.

kipanya_xml
Basi hiyo ni vita.

bwana_kroni
Povu lote hili kwa kazi ya skripti ya mistari arobaini. RSS ni faili tu, linakaa kwenye seva yako, ukitoa toleo kroni, ile ya kuendesha kazi za seva kwa ratiba, inaliandika upya, habari imeisha. Umempa mtu baki akutunzie vitambulisho halafu unashangaa kavichezea. Google Reader ya kusomea fidi ilizimwa 1 Julai 2013, Yahoo Pipes ya kuchanganya fidi ikafuata 2015, na bado watu mnajenga kwenye kiwanja cha jirani kisha mnakuja kulia hapa.

Nyundo ya Seva
Mkuu sijauliza habari za viwanja. Nimesema WAMENIWEKEA EMOJI.

Mzee wa Atom
Kijana, ungetumia Atom, ule mtindo mwingine wa fidi, yasingekukuta haya. Hati yake ya viwango, RFC 4287, Desemba 2005, imeandikwa wazi kabisa kwamba id ya habari haibadiliki hata fidi ihamishwe, isambazwe, ichapishwe upya. Huko kwenye RSS 2.0 guid yenyewe ni hiari, mtu anaweza asiiweke kabisa na fidi ikapita bila kuulizwa. Mnachezea vitu visivyo na sheria.

Chizi Data
Nilijua tu. Huyu mzee hakuna uzi anaingia bila 4287 mfukoni, juzi uzi wa mtu anauza kibodi kaitoa. Mzee shikamoo, ila aliyevuruga guid hasomi RFC, mngekuwa kwenye Atom angevuruga id na kuweka emoji mbili.

Nyundo ya Seva
Asante Chizi. Zikifika mbili mimi nahama sayari.

Mzee wa Atom
Marahaba. Msimamo wangu uko pale pale.

mpita_njia
Samahani kuuliza, kwani RSS bado ipo?

kipanya_xml
Podikasti unazosikiliza unadhani zinafikaje kwenye simu yako, kwa upepo? Ni RSS hiyo hiyo, faili la sauti limetajwa kwenye enclosure, programu yako inalifuata.

mpita_njia
Aah. Mimi nilijua ni intaneti tu.

DadaLogi
Nyie mnaolia kwa kutumiwa habari mna raha, njooni kwetu tunaovamiwa. Kuna kiumbe kinagonga seva yangu kila dakika, usiku na mchana, kinauliza kuna jipya, wakati blogu yenyewe naandika nikijisikia. Nakipa ETag, alama ya toleo la faili, nakipa Last-Modified, tarehe ya mwisho kubadilika, kinachotakiwa ni kurudi na alama hiyo kwenye If-None-Match nikijibu 304, yaani hakuna jipya, kiende zake mikono mitupu bila kusumbuana, lakini wapi, kinabeba faili zima kila kikija. Nimeweka ttl, yaani subiri dakika kadhaa ndo urudi. Nimeweka mpaka skipHours, saa za kutokuja kabisa, hicho kitu sijui kama kuna kiumbe hai kinakisoma. Jana nimekipiga 429, yaani umezidi kugonga, na Retry-After ya kusubiri saa nzima, kimerudi kabla sijavuta pumzi.

kipanya_xml
Dada weka WebSub upumzike, W3C, wale wa viwango vya wavuti, waliipitisha 2018. Ukiandika kitu seva yako inaiambia habu, kituo cha kati, habu inawapelekea wasomaji, hakuna kugongana milango.

DadaLogi
Kaka, asiyeijua 304 ndo ataijua WebSub?

Nyundo ya Seva
Wakuu turudi kwenye tiketi. Nimeifungua upya. Imefungwa upya. Safari hii wameandika "Asante kwa uvumilivu wako", na emoji ni ile ile, hawajabadilisha hata jino.

Chizi Data
Kwani guid wamebadilisha ila emoji ndo wameitunza? Hapo kweli wanajua kilicho muhimu. Na nyota ulitoa ngapi?

Nyundo ya Seva
Moja, na fomu ikanijibu "tumefurahi umefurahi".

mchuja_fidi
Mimi niacheni nilie na langu. Kazini nakusanya fidi za watu, kuna mwandishi mmoja lazima kila kichwa cha habari aweke alama ya & tupu, haiandiki & inavyotakiwa wala haifungi ndani ya CDATA isisomwe kama kodi, na XML ikikutana na kitu hicho haina msamaha, inakufa pale pale na habari zote nyingine zinakufa nayo. Nikamtumia linki ya kikaguzi cha fidi cha W3C aone mwenyewe, akanijibu "kwangu inafunguka vizuri". Kwako wapi?? Tarehe ndo usiseme, RSS inataka mtindo wa RFC 822, yeye kwenye pubDate kaandika "jana jioni". Ipange sasa hiyo! Jana ya lini!

Mzee wa Atom
Kwenye Atom tarehe ni RFC 3339, mwaka unatangulia, saa na eneo lake la majira, mtu hawezi kuandika jana jioni.

Chizi Data
Mzee, huyo angeandika jana jioni hata kwenye jiwe.

jsoni_mtamu
Mnahangaika bure. JSON Feed, fidi isiyotumia XML, ipo tangu 2017, hakuna & ya kuua faili, hakuna CDATA, kila lugha ya programu inaisoma bila shida.

mchuja_fidi
Na tangu 2017 mimi naikuta kwenye maneno yako tu. Waandishi wangu hata XML hawajaijua bado, niwaletee mfumo wa tatu?

Mzee wa Atom
Wa tatu? Hesabu vizuri kijana. RSS peke yake kuna 0.90 ya Netscape ya 1999, kuna 0.91, kuna 1.0 ya wale wa RDF, kuna 2.0 ya 2002, ndipo tukaja sisi kusafisha.

jsoni_mtamu
Mmesafisha nini mzee, mmeongeza la tano tu kwenye foleni.

Nyundo ya Seva
Jamani emoji yangu

DadaLogi
Mwanzisha uzi subiri kidogo. Kroni, nina swali. Kile kiumbe changu kwenye logi kinajitambulisha kama python-requests, yaani ni skripti ya mtu. Skripti yako ya mistari arobaini, hapo katikati kuna mstari wowote wa If-None-Match?

bwana_kroni
Tusihame mada dada, mwenzetu ana shida ya tiketi.

DadaLogi
Nimeuliza kuna mstari au hakuna.

bwana_kroni
Faili lenyewe dogo tu, halifiki hata MB moja.

kipanya_xml
Hahahaa umejuaje ukubwa wa faili la dada wa watu?

Chizi Data
Nimevuta kiti.

DadaLogi
Sawa. Nimeifungia ile IP, anwani ya mtandao ya kile kiumbe. Kroni nisaidie kitu kimoja tu, jaribu kufungua fidi yangu huko uliko.

bwana_kroni
Mbona naletewa 403, eti nimezuiwa?