Naomba ushauri: sweta la sufu la marehemu babu linanibana

Habari zenu wakuu. Nina sweta la sufu la marehemu babu, limefumwa kwa mkono miaka ya 1970. Huku Njombe baridi ya Juni si mchezo na natamani sana kulivaa, ila linanibana kifuani. Najua sufu ikipata maji ya moto na kusuguliwa, nyuzi hushikana na haziachii tena. Hili bado laini. Nimeshauriwa niliroweke kwenye maji ya vuguvugu yenye kondishena ya nywele, nilikamue kwa taulo bila kulisokota, kisha nilitandaze na kulivuta taratibu. Je, uzi wa zamani hivyo utahimili au utakatika? Na wadudu wanaotoboa sufu mnawazuiaje kabatini? Kulipeleka kwa fundi alikate sitaki kabisa.