Kumtambua babu mfungwa aliyepelekwa Tasmania

Swali: Ndugu zangu, ukoo wa mume wangu husimulia kwamba mmoja wa mababu zao alihukumiwa Uingereza kwa wizi wa kondoo, akasafirishwa kama mfungwa hadi Tasmania (kisiwa cha Australia), wakati huo ikiitwa Van Diemen's Land, katika miaka ya 1830. Katika vitabu vya ubatizo vya parokia yao tumekuta watoto watatu wenye jina hilohilo. Tutamtambuaje wa kwetu?

Jibu: Dada, anzieni Tasmania ndipo mrudi nyuma. Hifadhi ya nyaraka ya huko imeweka mtandaoni, bila malipo, kumbukumbu za mwenendo na za maumbile ya wafungwa, na humo mtakuta jina la meli, mahali na tarehe ya hukumu, mara nyingi pia kimo, rangi ya macho, makovu, hata herufi zilizochanjwa mkononi, ambazo huenda zikawa za mke au wazazi.

Jibu: Naunga mkono. Mkishaijua mahakama, tafuteni madaftari ya jela ya eneo hilo, ila umri uliotajwa msiutegemee mno. Kuanzia 1813 fomu za ubatizo zilitaja makazi ya wazazi na kazi ya baba, jambo linalosaidia sana kwa aliyezaliwa baada ya hapo. Muhimu zaidi, someni vitabu vya maziko, kwa maana aliyezikwa utotoni hawezi kuwa ndiye aliyepanda meli.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Maziko hatukuwa tumeyafikiria kabisa. Tutayapitia pamoja na kumbukumbu za Tasmania.