Baba amegunduliwa na MDS akiwa na miaka 71: je, tuuze shamba apelekwe India kupandikizwa uloto?

Binti wa Muheza

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za siku. Baba yetu ni mstaafu wa reli mwenye umri wa miaka 71, na tangu mwaka jana amekuwa akichoka na kuishiwa pumzi hata kwa kutembea hadi msikitini. Alipewa vidonge vya kuongeza damu, akatibiwa malaria zaidi ya mara moja, na kila alipopimwa damu ilikuwa imeshuka tena, mpaka daktari mmoja alipoyaweka majibu yote pamoja na kuona kwamba zilizopungua si chembe nyekundu peke yake, bali pia chembe nyeupe na zile chembe sahani zinazogandisha damu. Akampa rufaa kwenda Dar es Salaam, ambako alitobolewa mfupa wa nyonga ili uchukuliwe uloto, yaani ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, na jibu lililoandikwa ni mielodisplasia, ambayo madaktari huiita kwa kifupi MDS.

Majibu niliyonakili ni haya: himoglobini 7.2, chembe sahani 88, neutrofili (aina ya chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi) 1.4, na chembe changa zinazoitwa blasti ni asilimia 2 ya uloto. Kipimo cha kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe, hakijarudi, kwa sababu sampuli ilipelekwa nje ya nchi. Kwa sasa anaongezewa damu kila inaposhuka sana.

Katika kikao cha familia, kaka yetu mkubwa ametoa hoja kwamba tuuze shamba la michungwa na kumpeleka baba India haraka akapandikizwe uloto, maana amesoma kwamba hiyo ndiyo tiba pekee inayoponya. Shangazi anapinga, akisema mzee wa umri huo hatastahimili, na kwamba aachwe apumzike nyumbani. Baba mwenyewe hajaambiwa kwamba ugonjwa huu unahesabiwa kuwa saratani. Anajua tu kwamba "damu imepungua". Naomba aliyewahi kuyapitia haya, au mwenye utaalamu, atusaidie kujua tunaamua kwa kuangalia nini.

Daktari wa Kliniki ya Damu

Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Umefanya vyema kuandika tarakimu, kwa kuwa bila hizo hakuna ambaye angeweza kukusaidia zaidi ya kukupa pole. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani na nimehudumu kwa muda mrefu katika kliniki ya magonjwa ya damu. Lakini sijamwona mzee wenu, kwa hiyo yachukueni maelezo yangu kama maandalizi ya maswali ya kumuuliza daktari wake.

MDS ni kundi la magonjwa yanayotofautiana sana kwa ukali. Uloto wa mgonjwa hufanya kazi, pengine kwa bidii kuliko kawaida, ila chembe unazozalisha zina kasoro na nyingi hufa kabla ya kuingia kwenye mzunguko wa damu, kama kitalu ambacho miche inaota kwa wingi lakini inakauka kabla ya kupelekwa shambani. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu huishia kupata lukemia kali, yaani saratani ya damu inayokwenda kasi. Wengine husumbuliwa zaidi na upungufu wa damu, maambukizi na kutokwa damu. Kwa sehemu kubwa ni ugonjwa wa wazee na chanzo chake huwa hakijulikani, ingawa tibakemia au mionzi aliyowahi kupewa mtu zamani, pamoja na kemikali ya benzini, hutajwa miongoni mwa visababishi. Hauambukizi, na hakuna aliyemroga baba yenu. Nalisema hili wazi kwa sababu kliniki nimeona familia zikigawanyika kwa jambo hilo kuliko kwa ugonjwa wenyewe.

Sasa nije kwenye hoja ya kaka yako. Tangu 2012 madaktari hutumia mfumo wa alama uitwao IPSS-R, uliotokana na takwimu za wagonjwa zaidi ya 7,000. Himoglobini iliyo chini ya 8 humpa mzee alama 1.5, chembe sahani zilizo kati ya 50 na 100 humpa 0.5, neutrofili zilizozidi 0.8 hazimwongezei kitu, wala blasti zisizozidi asilimia 2. Hadi hapo ana alama 2, na kilichobaki ni kromosomu. Zikirudi za kawaida, huongezewa alama 1 na kufikisha 3, ambalo ni kundi la hatari ndogo. Ikionekana kwamba kromosomu moja ya namba 7 imepotea, huongezewa 3 na kufikisha 5, ambalo ni kundi la hatari kubwa. Katika takwimu hizo, nusu ya wagonjwa wa kundi la kwanza walikuwa hai baada ya miaka 5.3, na nusu ya kundi la pili baada ya miaka 1.6. Hizo ni takwimu za wagonjwa wengi kwa pamoja, na umri wa mzee pamoja na hali ya moyo na figo zake vitakuwa na kauli yao. Lakini mnaona kwamba karatasi moja ambayo haijarudi ndiyo itakayoamua kama mnazungumzia ugonjwa wa kuishi nao au ugonjwa wa kukimbizana nao. Kuuza shamba kabla karatasi hiyo haijafika ni kuamua gizani.

Wakati mnasubiri, hakikisheni kwamba vitamini B12, foleti na VVU vimepimwa, na kwamba daktari anazijua dawa zote anazotumia mzee, zikiwamo za mitishamba, na kama anatumia pombe. Mambo hayo yanaweza kuufanya uloto uonekane kana kwamba una MDS, na baadhi yake yana tiba rahisi.

Ikiwa hatari ni ndogo, lengo huwa kupunguza haja ya kuongezewa damu. Dawa ya kwanza kwa wengi ni erithropoietini, homoni inayouchochea uloto kutengeneza chembe nyekundu, sindano ile ile wanayochomwa wagonjwa wanaosafishwa figo, kwa hiyo katika miji mikubwa haikosekani, isipokuwa dozi ya MDS ni kubwa mara kadhaa na hufuatiliwa kwa wiki 8 hadi 12 ndipo iamuliwe kama imefaa. Kabla ya kuianza, ombeni kipimo cha erithropoietini iliyomo mwilini mwake: ikiwa chini ya 200 matumaini ni makubwa, na ikizidi 500 ni kupoteza fedha. Iwapo kromosomu zitaonyesha upungufu kwenye mkono mrefu wa namba 5, kuna vidonge vya lenalidomidi ambavyo kundi hilo huitikia vizuri sana, na matoleo yake ya India ni nafuu kuliko ya awali.

Hatari ikiwa kubwa, dawa inayotumika zaidi ni azasitidini, sindano ya chini ya ngozi inayotolewa kwa siku 7 katika kila mzunguko wa siku 28. Katika utafiti uliochapishwa 2009, nusu ya waliopewa dawa hiyo waliishi kupita miezi 24.5, ilhali kwa waliopewa matibabu ya kawaida ya wakati huo ilikuwa miezi 15. Haiponyi. Damu pia huweza kushuka zaidi katika mizunguko ya mwanzo, na matokeo hayahukumiwi kabla ya mzunguko wa 4 hadi wa 6, kwa hiyo familia iliyo na fedha za mizunguko miwili tu ni bora izungumze na daktari kuhusu hilo kabla ya kuianza.

Upandikizaji: kaka yako amesoma sawa kwamba ndio pekee unaoweza kuponya, lakini hajasoma yote. Uloto lazima utoke kwa mtu mwingine, vituo vingi husita mgonjwa akivuka miaka 70 hadi 75, na baadhi ya wagonjwa hufariki kwa sababu ya upandikizaji wenyewe au kwa sababu chembe za mtoaji huushambulia mwili mpya. Uchambuzi uliochapishwa 2004 ulionyesha kwamba hata kwa wagonjwa wenye umri mdogo kuliko wa mzee wenu, wale wa hatari ndogo waliishi muda mrefu zaidi walipousubirisha upandikizaji. Muhimbili imeanza huduma ya kupandikiza uloto tangu 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imewapandikiza watoto wenye selimundu, lakini msichukulie kwamba huduma hizo zinalingana na anayoyahitaji mzee wa miaka 71 mwenye MDS. Mwulizeni daktari wake moja kwa moja.

Mwana wa Kisauni

Nakupa pole kutoka Mombasa, dada yangu. Mama yetu anaishi na ugonjwa huu, aina ile ambayo chembe zake changa zina pete za madini ya chuma, na daktari hapo juu ameeleza vizuri, kwa hiyo nitaongeza yale tu ambayo familia huyajua kwa kuuguza.

La kwanza ni vidonge vya kuongeza damu. Acheni kumpa, isipokuwa daktari amepima na kuona ana upungufu wa chuma. Kila mfuko wa damu anaoongezewa una miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hauna njia ya kukitoa zaidi ya miligramu moja au mbili kwa siku, kwa hiyo baada ya mifuko kama 20 chuma huanza kulundikana kwenye ini na moyo. Ombeni kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini. Kwa mama ilipozidi 1,000 alianzishiwa deferasiroksi, dawa ya kukitoa chuma kilichozidi. Matembele na juisi ya rosela hazina neno akizipenda, ila msimlazimishe kunywa kikombe baada ya kikombe mkidhani ndiyo dawa. Jirani zetu walituletea kila aina ya mboga nyekundu kwa nia njema, na mama akawa anakula kwa kutuonea haya.

La pili ni watoaji damu. Tengenezeni orodha ya wanaukoo, majirani na watu wa msikitini, kwani mwanamume huruhusiwa kutoa kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya minne, na damu iingie benki kwa utaratibu wa Damu Salama badala ya kutafutana usiku mzee akiwa amelazwa. Hata hivyo, ikiwa bado mnafikiria kupandikiza, damu ya ndugu zake na ya ninyi watoto wake asiongezewe yeye mwenyewe, kwa sababu mwili wake unaweza kujenga kinga dhidi ya uloto ambao mngemtolea baadaye. Toeni, lakini apewe ya mtu mwingine.

La tatu nalisema kwa heshima: mwambieni baba. Mnajadili shamba lake, mwili wake na safari yake bila yeye kuwamo kikaoni. Sisi tulimwomba daktari amweleze mama mbele yetu, kwa maneno ya kawaida, na akaanza yeye mwenyewe kutuambia ni lini damu imeshuka, jambo ambalo awali alilificha ili asitusumbue.

Mjomba Leicester

Nakubaliana na wenzangu kuhusu kusubiri kipimo, lakini nawatahadharisha msije mkageuza kusubiri kuwa desturi. Mke wangu alitibiwa hapa Uingereza akiwa kundi la hatari kubwa, na azasitidini ilimpa muda mzuri ambao asingeupata kama tungechelewa. Kwa hiyo fuatilieni majibu ya kromosomu kila wiki, mjue yako maabara gani na yametumwa kwa nani, sampuli husahaulika.

Na kuhusu India, siwavunji moyo. Vituo kama Tata Memorial cha Mumbai na CMC cha Vellore vina uzoefu wa upandikizaji wa miongo kadhaa. Lakini tumeni kwanza nakala za majibu yote mpate maoni yao kwa maandishi, pamoja na makadirio ya gharama, kwani mtu anayepandikizwa hutakiwa kuishi karibu na hospitali kwa takriban siku 100 za mwanzo, pamoja na wa kumuuguza, na kodi ya nyumba na chakula havimo katika bei wanayowatajia.

Binti wa Muheza

Nawashukuru sana. Niliwasomea kaka na shangazi majibu yenu, na tumekubaliana kwamba shamba lisiguswe hadi kipimo cha kromosomu kirudi. Kaka ndiye atakayefuatilia maabara, na tayari ameandika ujumbe wa kuomba maoni kutoka Vellore, jambo ambalo halina gharama ya shamba.

Tulimwomba daktari amweleze baba, naye akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba kama tungemuuza yeye na shamba kwa pamoja angetaka walau kujua bei. Hakutaka kusikia habari ya kusafiri kwa sasa. Alichouliza ni kama anaweza kuendelea kwenda shambani asubuhi, na kama anaweza kung'oa jino linalomsumbua. Daktari wa kliniki, naomba utujibu hayo mawili.

Daktari wa Kliniki ya Damu

Shambani aende akiwa na nguvu, lakini avae viatu vilivyofunika miguu na glovu, asikate matawi kwa panga wala asipande mti, kwa sababu jeraha dogo kwake linaweza kuvuja damu kwa muda mrefu na kuingiza wadudu.

Jino asing'olewe kabla ya kupima damu upya wiki hiyo hiyo, na daktari wa meno aonyeshwe karatasi yenye idadi ya chembe sahani na neutrofili. Kwa maumivu atumie parasetamoli. Asipewe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, na asichomwe sindano ya msuli bila idhini ya daktari wake.

Nunueni kipimajoto. Joto likifika 38, kwa mzee mwenye chembe nyeupe chache hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, na msianze kwa kununua dawa ya malaria dukani. Nendeni hospitali na karatasi zake zote, mwambieni mpokeaji kwamba ana MDS, na ombeni aonwe mapema, kwa sababu antibiotiki ya mshipani hutakiwa kuanza ndani ya saa chache. Majibu ya kromosomu yakifika, yaandikeni hapa kama yalivyo, pamoja na herufi na mabano yake yote, tuendelee kutoka hapo.