KTM 390 Duke, Yamaha MT-03 au TVS Apache 200: ipi kwa Lubumbashi?

Kijana_Kamalondo
Bandugu, jambo yenu. Natafuta pikipiki nyepesi ya lami, injini wazi bila maplastiki, ya kwenda kazini na Jumapili kunyoosha mpaka Likasi. Si ya kubeba abiria, hiyo nawaachia manseba. Nimebaki na hizo tatu, lakini moyo uko kwa Duke. KTM, wanaounda Duke, wamebeba kombe la mbio za jangwani za Dakar mara 18 mfululizo, 2001 hadi 2019. Watu kama hao wataniuzia kitu kibovu?

Fundi_Katuba
Mdogo wangu, iliyobeba Dakar si Duke. Ile ni pikipiki ya jangwani, haifanani na hii hata nati. Duke inaundwa Chakan, India, na Bajaj, walewale wa Boxer. Sisemi kwa dharau, Bajaj wanajua kazi. Ila usilipie kombe ambalo halimo ndani ya mashine.

Duke_Kampemba
Yaya Fundi, umekaza sana! Mi niko nayo, ya 2018. Iko na cc 373, nguvu ya farasi 44, na bila mafuta haifiki kilo 150. Springi ni za WP, watu wa nyumba moja na KTM. Ukivuta mafuta kidogo tu, inaruka. Ile njo mashindano yenyewe. Na Brno 2020 mumesahau? Brad Binder, mutoto wa Afrika Kusini, njo alipatia KTM ushindi wa kwanza mu MotoGP, mbio kubwa za dunia za pikipiki.

Dada_Ruashi
Kama tunahesabu Afrika Kusini, basi Welkom 2004: Valentino Rossi, mbio zake za kwanza juu ya Yamaha, akamaliza wa kwanza. Na Dakar ya kwanza kabisa, 1979, aliyeibeba ni Cyril Neveu akiwa na Yamaha XT500. Yamaha wenyewe walianza 1955, na mwaka uleule pikipiki yao YA-1 ikashinda mbio za kupanda Mlima Fuji. Lakini hoja yangu kwa Fundi ni hii: injini ya MT-03 ndiyo ya YZF-R3, dada yake wa mashindano, cc 321, silinda mbili. R3 ndiyo iliyochukua ubingwa wa dunia wa Supersport 300 mwaka 2017. Hilo kombe limo ndani.

Fundi_Katuba
Hapo umenishika, dada. Na silinda mbili haikutetemeshi mikono ukiwa mwendo mrefu. Kwa Likasi ni raha. Ina kilo 168 mafuta yakiwemo, si nzito. Shida ni moja kwa zote mbili: tairi. Duke nyuma inavaa 150/60, MT-03 140/70, inchi 17. Ulizia bei ya tairi kwanza, ya pikipiki baadaye.

Mzee_wa_Kenya
Mbona TVS mmeiruka? Wanashindana tangu 1982, na jina kamili la Apache ni Apache RTR: R ya kwanza ni ya mbio (Racing).

Fundi_Katuba
Nguvu ya farasi 20 tu, mzee wangu, lakini mjini inatosha kabisa, na inakunywa kidogo. Ila kijana asidanganywe kwamba piesi za HLX, ile TVS ya manseba, zitaingia zote. Apache 200 ina valvu nne na inapozwa kwa mafuta ya injini. Pedi na cheni utapata. Kichwa cha injini utaagiza.

Duke_Kampemba
Mwenye kununua Apache kwa sababu ya mashindano ni sawa na mwenye kununua jezi ya Mazembe akafikiri atafunga goli 😂

Dada_Ruashi
Na wewe umenunua nini, kofia ya Binder?

Kijana_Kamalondo
Sawa, Duke naiweka pembeni, MT-03 inakuja juu. Nani anafahamu mtu anayeleta tairi za 140/70 kutoka Johannesburg? Na pale Kasumbalesa mpakani, duwane (watu wa forodha) wanahesabu ushuru wa pikipiki iliyotumika kwa mwaka wake au kwa cc?

Mzee_wa_Kenya
Njoo inbox, usiulize mambo ya duwane mbele ya watu.